Ukuta wa Maua Mabichi

Fundi aliyetuchorea kuta za michezo ya kuigiza pale Mbeya hakukoma kuimba, "Ua, nafasi, ua." Alikuwa akiweka juu ya kitambaa cha ukuta karatasi ngumu aliyoitoboa umbo la waridi, anagonga sponji ya rangi, anainua karatasi taratibu kama mtu anayefunua chungu, halafu anacheka peke yake. Mimi niliyegharamia rangi nilimsihi apunguze maua. "Mzee, nusu ua ni doa," akanijibu.

Jioni ya onyesho, rangi ilikuwa haijakauka kwa baridi. Halfani, aliyeigiza tajiri, akauegemea ukuta na kanzu yake nyeupe, akatoka na maua mgongoni, ukuta ukabaki na pengo. Ukumbi ukaangua kicheko. Nikajua mchezo umeharibika. Fundi akapanda jukwaani na karatasi yake, akaziba pengo huku akiimba, kisha akamgeuza Halfani. "Tulia, kaka. Hili la begani limekatika." Akalimalizia. Watu wakasimama, wakaimba naye: "Ua, nafasi, ua." Nilipomfuata nyuma ya pazia na oda za watazamaji waliotaka kanzu za maua kama ile, bei hakuiuliza. Alitaka kujua upana wa mgongo wa kila mteja.