Vitenge Alivyotandikiwa Mjomba

Harufu ya naftalini hunibana pumzi mpaka leo. Ndiyo harufu ya sanduku la bati la nyanya yangu, ambaye sote tulimwita Kambo, katika nyumba yetu ya Kampemba, upande wa kuelekea uwanja wa ndege wa Luano, ambako ndege zilipita juu ya mabati yetu hadi sahani zikatetemeka. Humo aliweka vitenge vyake, na kila kiangazi alivianika na kutufukuza wajukuu utadhani tumekuja kuviiba. Kwetu mtoto aliyekaa mbali miaka mingi hakanyagi udongo mtupu siku ya kurudi. Wanawake humtandikia vitenge tangu langoni, naye hupita juu yake kwa vigelegele. Kambo alikuwa akimngoja mjomba Ilunga, kitinda mimba wake, aliyekwenda kusomea urubani. Kwa majivuno yake, hata wauza vitunguu sokoni walichoka na habari za mwanawe.

Mjomba akatuma salamu: angekuja akirusha ndege ndogo ya barua, na kabla ya kutua angepita juu yetu amsalimu mama yake. Subira huvuta heri, lakini Kambo hakuwa nayo hata chembe. "Mutoto yangu anakuya na njia ya juu, basi tutandike fasi ataona!" akasema, na tukatandaza vitenge vyote katika uwanja mtupu nyuma ya nyumba. Mjomba akaja chini kuliko ndege yoyote niliyowahi kuona. Niliuona uso wake dirishani ukitutazama sisi, si mbele, mkono ukipunga, na hapo bawa likagonga mkaratusi. Ndege ilianguka sisi bado tunapiga vigelegele.

Haikuwaka moto. Ililala ubavu, na mjomba alikuwa hai ndani yake, miguu imebanwa na vyuma, petroli ikinuka kila mahali. Wanajeshi walifika kutoka Luano wakauzunguka uwanja. Miaka ile chochote kilichoanguka kilikuwa cha dola kwanza, cha mama yake baadaye. "Hapana muntu wa kupita, tunangoya chef!" askari mmoja akafoka. Mama yangu alimshika Kambo mikono yote miwili. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi; Kambo alihema kana kwamba yeye ndiye aliyebanwa mle ndani.

"Mama, uko wapi?" mjomba aliita.

"Niko hapa, papa yangu, niko hapa!" Kambo akajibu, akimwita baba kama kwetu mtoto aitwavyo kwa mapenzi, baba au mama.

Jua likapanda, mkuu hakuja, nasi hatukuweza kusogea wala kuondoka. Nilimchukia askari yule, na ninamchukia bado. Hatimaye mjomba akanyamaza, na kimya kile kikawashinda hata wanajeshi. Wakawaachia majirani njia. Kamba hazikuwepo. Wakasokota vitenge, wakavuta vyuma, wakamtoa. Hakufa, ila miguu haikumbeba tena.

Kambo alivifua vitenge, akafunga sanduku, ufunguo akautundika kwenye rozari yake, na hakumtandikia mtu yeyote tena, hata mama yangu aliporudi kutoka hospitali ya mbali. Mjomba alikaa chumba cha nyuma. Ndege ikipita, alifunga dirisha. Yeye alijilaumu kwa kutazama chini, Kambo kwa kumfanya atazame, na katika nyumba ile ndogo hakuna aliyethubutu kumtua mwenzake mzigo. Kambo alizikwa na mzigo wake.

Siku hizi ninaishi mbali. Mwaka jana nilirudi, na ndege iliposhuka nikautafuta uwanja ule dirishani, umejaa nyumba. Langoni nilisimama ghafla. Vitenge vilikuwa vimetandikwa hadi mlangoni, vingine vina matundu ya vile vyuma, naftalini ileile. Kando alikuwa mjomba, mzee katika kiti chake cha magurudumu, rozari ya Kambo shingoni.

"Pita, mama," akaniambia. "Kambo yako sikumuambiaka hata siku moja. Ile siku, kule juu, nilibionaka bitenge byote. Bilikuwa bizuri."

Nilivua viatu, nikapita nikilia. Nilipofika mlangoni nikageuka kumwita. Alitikisa kichwa, akabaki palepale langoni: magurudumu yangevichafua.