Kravati Kwenye Motere ya Kushoto

Cheka tu, ndugu musomaji, bibi yangu wa ndoa anacheka mpaka leo. Hapa Kindu mimi njo fundi wa boti ya Komisere, mukubwa wetu wa serikali. Boti iko na motere mbili, unafinya kifungo, zote zinainuka toka majini. Juzi ya kulia ilipanda mbio, ya kushoto ikajikokota kama mugonjwa.

“Pompi yake ya kuiinua imekufa,” nikamwambia mukubwa, kifua mbele. “Hata harufu unaisikia, mafuta yameoza!”

Nikafungua pompi, nikabadilisha mafuta, nikatukana Wazungu walioitengeneza. Wapi! Motere ikajikokota vilevile.

“Finya, usiachilie,” mukubwa akaamuru.

Nikafinya. Motere ikapanda pole pole, na chini yake ukatoka mufuko wa muhogo wenye kunuka, ule bibi yangu alinituma kuloweka mutoni. Nilikuwa nimeufunga pale na kusahau. Na kamba yake ilikuwa kravati nyekundu, vazi la shingoni ambalo serikali imekataza.

Mukubwa akajishika kola ya abakosti yake, koti la serikali lisilovaliwa na kravati. “Sitwayeni, wewe mwananchi, kravati hii njo ya nani?”

Kabla sijadanganya, bibi yangu akaniita kwa kelele toka ukingoni:

“Baba Asumani! Kravati ya harusi yetu!”