Karatasi Tisa za Shabani

Kosa ni langu peke yangu, simsingizii shetani. Nilimchafua mtu asiye na hatia, tena makusudi, tena nacheka!

Nakaa Mbwawa, Kibaha. Nilipomaliza form four nikajitolea kwenye ulinzi shirikishi wa mtaa wetu. Kiongozi wetu alikuwa Shabani, jirani kabisa. Mama yake na mama yangu ni mashoga wa miaka yote.

Siku ya kwanza nimefika na filimbi yangu shingoni. Shabani akaniangalia mbele ya wenzake.

"Dada'angu, wezi hawaogopi wanja. Wewe kaa utuandikie majina."

Walicheka mpaka wengine wakakaa chini! Tangu hapo nikawa Afande Wanja. Hata watoto dukani wananipigia saluti.

Nikasema moyoni, Shabani, utanitambua.

Basi afande wa kata akaitisha kura ya siri. Watu mnakusanyika uwanja wa shule, kila mtu anapewa karatasi moja, anaandika jina la anayemshuku kwa wizi, anatumbukiza kwenye boksi. Mgawa karatasi nani? Mimi! Mwandika mahudhurio? Mimi!

Nikachomoa karatasi tisa. Shabani, Shabani, Shabani! Nyingine kwa mkono wa kushoto, nyingine herufi kubwa, moja ya kutetemeka kama ya kizee. Ili karatasi zisizidi watu, nikaongeza kwenye daftari majina tisa ya ambao hawakuja. La mwisho la mama, aliyekuwa Kisarawe kwenye hitma.

Shabani akaongoza. Alilala mahabusu siku mbili, wakamwachia kwa kukosa ushahidi. Lakini alikuwa ameshapata kazi bandari kavu ya Kwala, bado barua ya utambulisho tu. Mwenyekiti wa mtaa akagoma: "Muhuri wangu siupigi kwa mtu aliyetajwa hivi."

Nilisikia raha, jamani! Nilijipaka wanja mzito nikapita mbele ya kwao mara mbili.

Kisha afande akaja nyumbani na lile daftari. Mama anachambua mchicha.

"Shikamoo mama. Tunawapitia majirani wa Shabani waliohudhuria, tunatafuta ushahidi juu yake. Na wewe ulikuwepo, si ndiyo?"

Mama akalitazama daftari. Akanitazama mimi.

"Nilikuwepo. Ila sina baya la kumsema mtoto yule."

Mtu wa swala tano, kamdanganya askari kwa ajili yangu! Afande alipoondoka nikamweleza mama karatasi zote tisa; hakunigombeza. Akasema tu, "Nenda kaseme mwenyewe. Nakupa nafasi."

Nikasema nitakwenda Ijumaa. Ijumaa ikapita. Nyingine ikapita.

Habari ikamfikia mama Shabani. Akaja mpaka mlangoni kwetu. "Kumbe ulikuwepo, shoga? Na ukaniambia uko Kisarawe!" Akageuka. Mama akafunga mlango, akarudi jikoni.

Vijana nao wakarudisha filimbi. "Kama Shabani katajwa, sisi ni nani?" Wezi wakarudi, mchana kweupe!

Afande akaitisha kura nyingine. Safari hii mama alikuja. Nilimpa karatasi kwa mkono wangu, akaipokea bila kuniangalia.

Boksi likafunguliwa mbele ya afande na mwenyekiti, msomaji mimi. Nikafungua karatasi ya nne. Majina yangu yote matatu, kwa mwandiko uleule uliokuwa unayaandika kwenye madaftari yangu ya darasa la kwanza. Chini yake: "Mwulizeni kuhusu karatasi tisa."

"Soma basi, Afande Wanja," mwenyekiti akatania.

Nikasoma. Kwa sauti.

Shabani amesafishwa, ila kazi ya Kwala kapewa mtu mwingine. Mama na shoga yake wameanza kusalimiana. Mimi mama ananijibu salamu tu.

Nyie mnaojitolea mitaani, nisikilizeni. Ukikabidhiwa boksi la kura na kuna mtu unamchukia, mpe mwenzako alishike. Rudi nyumbani na hasira zako! Mimi nilibaki nalo.