Nani Anafuta Utosi

Kina mama wa wodi ya njiti walimwita Bubu, na si kwamba hakuwa na ulimi. Nyumbani alishinda redio. Mkewe alisema akianza habari za mpira hata chai inapoa kwa kuchoka. Lakini akishaingia wodini na mashine yake ya magurudumu, kinywa kilifungwa kama duka siku ya msiba. Hakuwa daktari. Alikuwa mpiga picha za ndani ya mwili, na sheria ya mpiga picha ilikuwa fupi: piga, peleka, nyamaza. Msemaji ni daktari.

Hakuanza na watoto. Ujanani alikaa katika chumba cha giza, akisafisha filamu za eksirei kwa dawa iliyonuka siki, kisha akizitundika zikauke. Siku zile picha ilikuwa kitu cha kushikwa. Daktari aliinyanyua mbele ya dirisha, mgonjwa akasogea, wakatazama pamoja: huu mfupa, huu ufa. Hata asiyejua kusoma aliuona ufa wake. Baadaye filamu zikatupwa, vikaja vioo vya kompyuta na maneno ya siri, na picha ya mtu ikawa inasafiri kila mahali isipokuwa kwa mwenyewe. Wakayaita maendeleo. Mgonjwa akawa wa mwisho kupata habari za mwili wake, kama mwenye nyumba anayeambiwa na jirani kwamba paa lake linavuja.

Kazi ya njiti ilimkuta akiwa na mvi, akaimudu. Mtoto aliyezaliwa kabla ya siku zake ana mishipa laini kichwani, na damu huweza kuvujia ndani bila yeye kulia wala kugeuka rangi. Bahati yake ni kwamba fuvu halijafunga. Pale utosini, panapopigapiga, mifupa bado haijakutana, na hapo ndipo penye mlango. Bubu alifumbata jeli kiganjani mpaka ipoteze ubaridi, akapaka tone, akaweka juu yake kile kichwa cha mashine, akakiinamisha mbele na nyuma polepole. Kwenye kioo ubongo ulitokea wa kijivu, na vyumba vyake vya maji vikaonekana vyeusi katikati, mithili ya mabawa mawili membamba. Weusi ukiwa safi, heri. Weupe ukiingia ndani ya weusi, hiyo ni damu.

Ijumaa moja asubuhi alimpima mtoto wa binti wa kitanda cha dirishani, uzazi wake wa kwanza. Kichwa kilikuwa safi. Bubu akafuta jeli, akamvisha mtoto kofia, akasukuma mashine yake. Haikufika adhuhuri, sista msimamizi akasimama mlangoni kwake.

"Bubu, umemwambia nini yule binti?"

"Mimi? Mimi nimemwambia mtu neno lini?"

"Amefunga mkoba. Hataki kukamua. Anasema hawezi kumkamulia marehemu maziwa."

Mtoto yule hakuwa na nguvu za kunyonya. Alilishwa kwa mpira mwembamba, na kilichomshikilia duniani ni yale maziwa. Mama akikaa bila kukamua, kifua hukauka. Na daktari, ambaye peke yake ndiye mwenye ruhusa ya kusema, alikuwa mmoja kwa hospitali mbili. Asingerudi kabla ya Jumatatu.

Bubu alimkuta binti kwenye benchi nyuma ya wodi, karibu na kamba za kuanikia nguo, mkoba mapajani. Pembeni yake alikaa Mama Pacha, mwenyeji kuliko wote pale wodini, aliyekuwa na mdomo wa kuamsha wodi nzima.

"Karibu, muuaji," alisema Mama Pacha.

"Nimefanya nini?"

"Umemfutia."

"Nimemfutia nini?"

"Jamani, huyu bwana! Hata wafagiaji wanajua. Mtoto akiwa mzima unampa mama karatasi, ‘haya futa,’ unakwenda zako. Mtoto akiwa na lake kichwani, karatasi hutoi. Unafuta mwenyewe, taratibu, kama unafuta yai. Unadhani sisi tunaangalia kioo chako? Kioo tutakijulia wapi! Tunaangalia mkono."

Bubu alitaka kucheka, kicheko kikakataa. Aliwakumbuka watoto mmoja mmoja, na kila alipofika kwa aliyevuja damu, alijiona ameinama na karatasi mkononi. Kumbe miaka yote alifunga mlango wa mbele, na mkono ukatokea dirishani kupeleka umbea.

"Sikiliza, mwanangu," alimwambia binti. "Leo nilifuta kwa sababu una sindano ya dripu mkono mmoja, na mwingine ulishika kofia. Ungefuta na nini? Mtoto wako mzima. Kichwa chake safi."

Binti hakuinua uso. "Baba, usinihurumie. Wewe husemi. Kwa wote husemi, leo uje useme kwangu? Sasa ndiyo najua limekwisha."

Ukweli ulikuwa umetoka, na haukuwa na thamani ya ganda la karanga. Bubu akamshika binti kiwiko. "Njoo uone mwenyewe."

Alirudisha mashine kitandani na kugeuza kioo kimtazame mama, na tangu enzi za filamu mgonjwa hakuwa ameonyeshwa picha yake hivyo. Akapaka jeli, akainamisha mkono.

"Huu weusi ni maji. Yako mahali pake. Ingekuwa ni ule ubaya, ungeona weupe hapa, au hapa. Unauona?"

"Siuoni."

"Na mimi siuoni."

Akampa karatasi. Binti alifuta kwa mkono wa kushoto, kizembe, jeli ikashuka mpaka kwenye nyusi za mtoto. Alipomaliza alimwomba sista kikombe cha kukamulia. Bubu hakuambiwa asante, wala hakuisubiri.

Alipogeuka, Mama Pacha alikuwa amesimama miguuni pa kitanda. Mdomo wake ulikuwa umetulia.

"Na wangu?"

"Wako yupi?"

"Unajua yupi. Juzi wa kwanza ulinipa karatasi. Wa pili ulifuta mwenyewe."

"Mama, daktari atakuja Jumatatu, atakueleza..."

"Mimi dripu sina, Bubu. Mikono yangu yote miwili ilikuwa mitupu."

Sheria ilikuwa bado ni ileile, lakini sasa hata kunyamaza kulikuwa ni kusema, tena kusema kwa ukatili. Bubu akavuta kigoda. Mama Pacha akakataa kukaa.

"Damu imevuja kidogo, upande mmoja," alisema Bubu. "Mara nyingine mwili huinyonya wenyewe, ikaisha. Wapo wanaokua wakatembea, wakaenda shule kugombana na walimu. Wapo wanaochelewa. Wako atakuwa yupi, sijui. Sikufichi. Sijui."

"Yupo anayejua?"

"Leo, hayupo."

Mama Pacha alitazama sakafu. "Mwenzio nilikuwa nachekesha watu hapa siku mbili," alisema, "ili nisije nikakuuliza." Kisha akaenda mwenyewe kumfunua mtoto kofia, na Bubu akamwonyesha. Mama alitazama ule weupe muda mrefu.

"Kadogo hivyo?"

"Kadogo."

Jumatatu daktari alimkemea Bubu, na hakumwonea. Aliapa kwamba likirudiwa atamrudisha kupiga picha za mifupa. Halafu akaenda kwenye kitanda cha Mama Pacha, akakohoa kidogo, akaushusha uso wake kwa namna wanayofundishwa chuoni.

"Mama, kuna jambo kuhusu mtoto wako wa pili..."

"Nimeshaliona," alisema Mama Pacha. "Hilo liruke. Niambie kinachofuata."