Gari Lililonyamazishwa

Gereji nzima ilimwita Kinyaa, na jina lilimkaa barabara. Mwanamume mzima, mikono ya kufungua nati iliyoota kutu bila kukunja uso, lakini mwonyeshe kikombe chenye alama ya midomo ya mtu mwingine, atakwambia kiu imemwisha. Akikuta mkate uliooza chini ya kiti cha mteja, hutoka nje akatema mate, akarudi, akatoka tena. Wenzake walimtania kwamba alikosea kazi, angeuza maua. Yeye huwajibu kwamba oili si uchafu, oili ina kazi yake. Uchafu ni ule watu wanaoufanya kwa makusudi.

Basi asubuhi moja amejilaza chini ya pikapu ya mtu, akasikia sauti langoni. Mmmuuu! Nene, ya kuvuta, inapanda na kushuka. Mchomeleaji wa jirani akazima mashine yake.

"Kinyaa, toka uone! Kuna gari limemeza ng'ombe mzima!"

Alitoka akicheka, na kicheko kikamkauka. Aliyeshika usukani alikuwa mdogo wake wa kike, fundi cherehani, kitinda mimba wa mama yao. Nyuma alikaa mama mwenyewe, mguu ameunyoosha juu ya mto. Mguu ule ulikuwa na kidonda kisichotaka kupona, na kila wiki ulipelekwa hospitali kusafishwa. Tuseme ukweli: Kinyaa alijaribu mara moja kubadilisha bandeji ya mama yake, akaishia kuegemea ukuta wa uani akitapika hadi machozi. Tangu hapo kazi hiyo aliibeba binti. Hakukunja pua hata siku moja. Na alipoona mabasi yanamtesa mama kwa misukosuko, akajinyima, akanunua gari. Kuukuu, ndiyo, lakini gari.

"Shikamoo, kaka," alisema akishuka. "Nisaidie. Linaguna hadi watu wanafungua madirisha kutuangalia."

"Marahaba. Tangu lini?"

"Nilipolichukua lilikuwa kimya kabisa. Baadaye likaanza kidogo kidogo. Kaka Mkubwa anasema ni tairi, eti zinaizoea barabara."

"Tairi zinaizoea barabara!" Kinyaa alirudia. "Kwani zilikuwa zinatembea wapi, hewani?"

Kaka Mkubwa ndiye aliyemuuzia. Alikuwa dalali wa magari, mtu wa shati lililonyooshwa na maneno matamu, na mdogo wao alimwamini kama alivyomwamini Kinyaa, kwa kipimo kilekile. Ndugu ni ndugu. Siku ya kulichukua gari alikuwa amemwambia, "Usimsumbue Kinyaa, ana kazi nyingi. Nimelifungua mwenyewe, nimelitia oili mpya kwa mkono wangu huu." Ndiyo maana Kinyaa alikuwa hajaligusa gari hilo hata kwa kidole.

Walimketisha mama kwenye benchi la kivulini, wakatoka kulijaribu. Kinyaa akashika usukani. Alilizungusha uwanjani kulia, kisha kushoto. Sauti haikubadilika. Kama ingekuwa beringi ya gurudumu, ingeongezeka upande mmoja ukilemewa na kupungua upande wa pili. Akaingia barabara kuu. Akikanyaga mafuta, gari linaguna kwa sauti nzito, akiachia mguu, mguno unageuka kuwa kilio chembamba. Akanyage tena, mguno. Aachie, kilio.

"Unasikia?" alimwambia dada yake. "Linalia kwa mguu wangu. Hii ni difu."

"Difu ndiyo nini?"

"Lile tumbo la chuma lililo nyuma, katikati ya magurudumu. Mle ndani kuna meno yanayopokea nguvu ya injini na kuyagawia magurudumu. Meno yakiliwa, yanalia." Hakumwambia lililobaki, kwamba meno hayo yakivunjika gari likiwa mwendoni, magurudumu ya nyuma yanaweza kukwama ghafla. Na njia ya hospitali ilikuwa ule mteremko mrefu wa malori. Kila wiki. Na mama nyuma, mguu juu ya mto.

Wakarudi, akainua gari kwa jeki, akalikalisha kwenye vigogo, akaingia chini na beseni. Alilegeza nati ya kumwagia oili, akajivuta pembeni, akangoja. Oili haikushuka. Badala yake kilichungulia kitu cheusi, kikaning'inia tundani. Akakidokoa kwa bisibisi. Kikadondoka, pwaa, na nyuma yake ukaporomoka uji mweusi wenye nyuzinyuzi. Na harufu! Oili ya difu inanuka hata ikiwa mpya, hilo kila fundi anajua, lakini hii ilikuwa harufu ya kitu kilichooza kisha kikapikwa, kikapoa, kikapikwa tena. Kinyaa alitoka chini ya gari kwa magoti, akafika kwenye mtaro, na chai ya asubuhi yote ikarudi.

"Kaka! Unaumwa?"

"Ngoja kwanza." Alifunga pua kwa kitambaa, akarudi, akakoroga lile beseni kwa kijiti. Maganda ya ndizi. Maganda ya ndizi na vumbi la mbao, yamesagwa pamoja na vipande vya chuma vinavyometa. Loo! Mafundi wa zamani walilisimulia jambo hili kwa kunong'ona, ujanja wa madalali: difu imekufa, unataka kuuza gari, unaishindilia maganda, yanaziba nafasi kati ya meno, kelele zinakufa kwa majuma machache. Mnunuzi anajaribu gari, kimya, anafurahi. Halafu maganda yanasagika na meno yanaendelea kulika palepale gizani.

Nimelifungua mwenyewe. Kwa mkono wangu huu. Kinyaa aliyakumbuka maneno hayo kama dada yake alivyomsimulia, akakitupa kile kijiti mtaroni. Mtu anakaa chini, anamenya ndizi, anakula, ganda analipeleka kwenye gari la mdogo wake. Ptuu! Ptuu tena! Mtu anayekutilia sumu ana afadhali, kwa sababu hasemi amekuhurumia.

Alilifunika beseni kwa gunia, akarudisha nati, akalishusha gari. Kisha akampigia simu Kaka Mkubwa, akamwambia njoo gereji, mama yuko hapa.

Alikuja upesi, ananukia manukato, akamwinamia mama, akamgonga dada yao begani. "Mnalisumbua gari la watu bure. Gari la zamani lazima liseme kidogo."

"Ndiyo," alisema Kinyaa, akimnyooshea ufunguo. "Basi kaka, tusaidie. Mama amechelewa hospitali na mimi nimechafuka. Mpeleke wewe, na hilihili."

"Apande langu, lina hewa baridi."

"Mto wake umeshapangwa humu. Kwani hili lina nini?"

"Halina kitu!"

"Basi mpeleke."

Ufunguo ulikaa kwenye kiganja cha Kinyaa. Kaka Mkubwa aliutazama na hakuugusa. Mama, ambaye hakuwa na habari, akashika ukingo wa benchi aanze kuinuka. "Twende, mwanangu, nesi atafunga mlango."

"Mama, kaa!" Kaka Mkubwa alisema kwa ukali, hata mchomeleaji akageuka.

Mama akakaa. Dada mtu akamtazama kaka yake mkubwa, akalitazama gari, akamtazama tena. Kinyaa alilivua beseni gunia na kulisogeza kwa mguu hadi mbele ya viatu vilivyong'arishwa.

"Haya, onja," alisema. "Ni ndizi zako."

"Kila dalali anafanya hivyo," Kaka Mkubwa alisema. Sauti ilikuwa imempungua. "Nilijua litaanza kulia, atakuletea wewe, utalitengeneza. Wewe si fundi?"

"Na lisingelia? Na lingekwama katikati ya mteremko?"

Kaka Mkubwa akavuta kiatu chake mbali na beseni. Mama ndiye aliyesema, polepole, kama mtu anayesoma herufi ndogo. "Ulijua ninayekaa nyuma ni mimi." Halafu akauliza kama mchomeleaji anaweza kumtafutia teksi, na kwa Kaka Mkubwa hakugeuka tena hadi alipoondoka. Kinyaa alitamani kumtukana, akakosa tusi lililo chafu kumzidi.

Kazi yenyewe aliifanya kwa hasira na kwa uangalifu. Alizunguka yadi za magari yaliyokufa hadi akapata difu ya gari la aina ileile, akaifungua kabla ya kuichukua, akapitisha kidole kwenye kila jino. Ilikuwa nzima. Akaosha kila kitu kwa petroli, akaweka mipira mipya ya kuzuia kuvuja, akafunga, akajaza oili ya rangi ya asali hadi ikachuruzika tundani, dalili kwamba imejaa. Ile difu ya zamani aliitupa na beseni lake, maana beseni lile asingeweza kulitumia tena maishani mwake.

Akalishusha gari mteremkoni mwenyewe, akalipandisha. Akakanyaga, akaachia. Kimya. Akalipeleka kwa dada yake akipiga mluzi.

Binti aliacha cherehani, akaingia, wakazunguka mtaa. Alisikiliza akiwa amekaza shingo. Waliporudi mlangoni hakushuka.

"Liko kimya," alisema.

"Si nilikwambia? Limepona."

"Hata siku ile nililinunua likiwa kimya." Alitazama mikono yake. "Kaka, usinikasirikie. Nifungulie nione ndani."

Kinyaa alizima injini. Mimi? Mimi wa kukaguliwa? Lakini dirishani mwa nyumba alimwona mama amekaa na mguu wake, anasubiri kujua kama atapanda. Akaenda nyuma ya gari, akatoa jeki, spana na bakuli, akajilaza kwenye vumbi la barabara na shati lake la kutokea. Alilegeza nati. Oili safi ikashuka kwenye bakuli, laini, haina hata punje.

Dada yake akachuchumaa. Akachovya vidole viwili, akavisugua, akavinusa kwa muda mrefu, mtu ambaye kidonda hakijawahi kumtia kinyaa. Kisha akasema, "Asante, kaka," akavifuta kwenye kanga, na akamwomba airudishe oili na kuifunga nati mbele yake, huku anaangalia.