Jiwe la Mlangoni kwa Bibi

Ukishuka kwenye basi la Dutwa ukauliza njia ya kuja kwangu, utaambiwa nenda mpaka kwenye jiwe. Hawataji ofisi ya kijiji wala ghala la pamba lenye mabati yaliyotoboka. Jiwe liko kando ya barabara, nyuma ya nyumba yangu, na watu hulikalia wakisubiri usafiri. Juzi wanafunzi waliotumwa kuandika historia ya kijiji waliniuliza limetoka wapi. Nikawaambia waandike habari za ghala. Sikuwa na hamu ya kusema, na bado sina, ila nimechoka kuona watu wakifutia hapo viatu vya tope.

Lilikuwa jiwe la kusagia la bibi, mama mzazi wa baba. Kwenye kaya yetu ya zamani, mwendo wa nusu siku kutoka hapa, lilikuwa limefukiwa nusu ardhini karibu na mlango wake, chini ya upenu. Alisagia mtama hapo tangu alipoolewa, mpaka katikati pakabonyea kama bakuli. Macho yake yalipoingia ukungu na mwisho yakazimika, aliendelea kutembea kwa kuijua njia: mwamba uliopasuka, mchanga wa mto, kilima, kisha ua wa minyaa. Fimbo yake ikigonga jiwe, alikuwa amefika. Hapo alikaa na kuomba maji.

Kisha ikaja amri ya kuhamia kijiji cha ujamaa. Shule tulipata, na zahanati tulipata, sitaki kusema uongo. Lakini nyumba zilipangwa kwa kamba na vigingi, zote sawa, zote zikitazama upande mmoja, na bibi hakuwa na cha kuzitofautishia. Aliingia nyumba za watu akiamkia "Mwangaluka" na kutafuta kigoda chake. Mwanzoni walicheka naye. Baadaye walikuwa wakifunga milango wakisikia fimbo. Mimi ndiye niliyepewa kazi ya kumwongoza, na nilikuwa na miaka kumi na miwili na hasira zangu, na nilimwonea aibu.

Kila siku aliniuliza, "Ng'wanone, mwanangu, nyumba yangu bado ipo?"

"Ipo, bibi."

Baba alikuwa ametuamuru tujibu hivyo. Ukweli ni kwamba siku ya pili tu baada ya sisi kuondoka, mgambo walichoma mapaa na kukata minyaa yote ili mtu asirudi.

"Basi nitarudi," alisema bibi. "Nataka kufia mlangoni kwangu, mnilaze zizini, kando ya kaburi la mzee wenu. Miguu yangu inajua njia. Nikigusa jiwe, nimefika."

Baba aliyasikia hayo. Alifunga ng'ombe kwenye mkokoteni, akaenda na jirani, wakalifukua jiwe kwa sururu na kulileta. Alitaka mama yake awe na mlango anaoujua. Walilishusha nyuma ya nyumba, wakalifunika kwa gunia.

Nikamuuliza kwa nini hampi.

"Nikimpa jiwe ataniuliza nyumba," alisema. "Ngoja, natafuta maneno."

Aliyatafuta siku tatu. Baba yangu aliwahi kubishana na viongozi mkutanoni, mbele ya kijiji kizima, bila kutetemeka. Lakini alimwogopa mama yake.

Siku ya nne tuliitwa wote kuvuna pamba kwenye shamba la kijiji. Katibu alisoma majina, na langu lilikuwemo. Tuliporudi mchana, mkeka wa bibi ulikuwa mtupu na fimbo haipo.

Mvua ilikuwa imenyesha usiku uliotangulia, kwa hiyo nyayo zilionekana wazi, mguu, mguu, na tundu la fimbo pembeni. Mimi na baba tulizifuata. Hakupotea hata mara moja. Alipita mwamba uliopasuka, akavuka mchanga, akapanda kilima. Naona haya kulisema, lakini njiani nilijivunia bibi yangu.

Kwenye kaya yetu palikuwa na nguzo nyeusi na visiki vya minyaa. Nyayo zilikwenda moja kwa moja mpaka palipokuwa mlango wake. Hapo zilizunguka. Zilizunguka mara nyingi, na matundu ya fimbo yalijaa ardhini, yakilizingira shimo alimofukua baba lile jiwe, shimo ambalo sasa lilikuwa na maji. Miguu ilimwambia amefika, fimbo ikamwambia bado. Akaiamini fimbo. Nyayo zilitoka pale zikaelekea upande wa Meatu, kwenye mapori yasiyo na mtu.

Baba alipiga magoti kwenye tope. "Mayu," alisema, akimwita mama yake kwa Kisukuma, "ulikuwa umefika. Mayu, ulikuwa umefika." Nilimvuta mkono, akakataa kuinuka.

Tulimpata kesho yake mchana. Alikuwa amekaa, fimbo mapajani, amekufa. Tulimzika kwenye makaburi mapya ya kijiji, yaliyopangwa mstari kama nyumba, kwa sababu baba hakuwa na nguvu ya kuomba ruhusa ya kumrudisha kwa mumewe. Nadhani angekataliwa, lakini hakuomba, na jambo hilo alikwenda nalo kaburini kwake.

Jiwe hakuligusa tena. Gunia lilioza juu yake. Barabara ilipochongwa ilipita nyuma ya nyumba yetu, jiwe likabaki kando yake, na watu wakaanza kulitumia kuelekezana. Wageni wangu wote huja kwa jiwe hilo. Husimama mlangoni na vumbi lao na kusema kwa furaha, "Mayu, nimeliona jiwe, nikajua nimefika."

Mimi huwakaribisha ndani, nikawapa maji.