Namba ya Uongo

Harufu ya fataki za harusi ya jirani, hapa Bangwe, imenirudisha kwenye vilima vya nyuma ya Simbo. Baba alikuwa akijaribu risasi alizojaza baruti mwenyewe, nami nikimsomea namba za mashine ya kupimia kasi ya kila risasi. Namba zikikaribiana, alisema, risasi zitapiga mahali pamoja, nasi tutarudi nyumbani. Tangu mama afariki, hatukuwa na maongezi mengine.

Siku moja zilikaribiana mapema. Nikamsomea namba ya uongo. Akaja, akainama, akaisoma mwenyewe.

"Mbona umenidanganya, mwanangu?"

"Nyumbani huongei, baba."

Akakaa kwenye nyasi. Kisha akaniuliza shuleni tulikula nini. Nikamjibu polepole, nikiongeza vyakula ambavyo hatukupewa, ili maongezi yasiishe.